Baridi ya usiku wa Mbinga na siri iliyomo angani

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI anayeondoka Mbinga mjini alfajiri ya mwezi Julai huondoka na koti zito. Barabara ya lami inayoteremka kwenda Mbamba Bay haina urefu wa kutisha, ni kilometa zipatazo 66 tu, lakini kabla hajaufikia mwambao wa Ziwa Nyasa koti hilo huwa limekwisha kuvuliwa na kuwekwa mapajani. Akirejea jioni mambo hugeuka: kila kona ya mlima inayopandwa na gari humkumbusha kulifunga kifungo kimoja zaidi.

Wenyeji wamelizoea jambo hilo kiasi cha kutolijali. Hata hivyo, mtoto wa shule ya msingi anaweza kumtoa jasho mzazi wake kwa swali moja: kama jua ndilo linalotupa joto, kwa nini aliyeko mlimani, ambaye yuko karibu zaidi na jua, ndiye anayetetemeka?

Swali hilo si la kitoto hata kidogo. Anayelijibu sawasawa atakuwa amekwisha kueleza sehemu kubwa ya namna angahewa ya dunia inavyofanya kazi. Aidha, kwa mkulima wa kahawa wa Umatengo, jibu lake linagusa mfuko, kwa kuwa baridi ya usiku ni sehemu ya mtaji wake.

Kwanza tuuondoe huo ukaribu wa jua. Jua liko umbali wa kilometa milioni 150 hivi kutoka duniani, na mtu aliyepanda mlima wa kilometa moja hajalisogelea kwa kiasi chochote cha kuhesabika. Pili, miale ya jua haiipashi hewa moto sana inapopita ndani yake. Sehemu yake kubwa hupenya kama inavyopenya kioo cha dirisha, ikaipiga ardhi na maji, na ni ardhi hiyo iliyokwisha kupata moto ndiyo inayoipasha hewa iliyo juu yake. Angahewa, kwa maana hiyo, ni mfano wa sufuria iliyo jikoni: moto wake uko chini, wala si juu.

Hewa hiyo ina uzito, ingawa hatuuhisi. Uso wa Ziwa Nyasa uko takriban meta 474 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbinga uko katika mwinuko wa zaidi ya meta 1,300, na vijiji vya milimani viko juu zaidi ya hapo. Mkazi wa Liuli, huko mwambaoni, anaishi chini ya lundo kubwa la hewa kuliko mkazi wa Litembo aliyeko mlimani. Hewa ya ziwani inapopanda mlima hukutana na mgandamizo mdogo, nayo hutanuka. Kutanuka huko ni kazi, na kazi hiyo hewa huilipia kwa joto lake yenyewe. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua kinyume chake: hewa inayobanwa ndani ya pampu huifanya pampu ipate moto mkononi.

Hesabu yake inajulikana. Hewa kavu inayopanda hupoteza takriban nyuzi joto 10 kwa kila meta 1,000, na kwa wastani wa angahewa yote, yenye unyevu na isiyo na unyevu, upungufu ni kama nyuzi 6.5. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga mjini ni tofauti ya meta zinazokaribia 900; hivyo nyuzi tano hadi sita huachwa njiani, na kupanda zaidi kuelekea vilele vinavyokaribia meta 2,000 ni kuziacha nyingine tatu au nne. Kwa taarifa ya wapishi, mgandamizo huo mdogo ndio unaofanya maji ya Mbinga yachemke kabla ya kufikia nyuzi 96, ilhali yale ya mwambaoni huchemka karibu na nyuzi 98 na nusu. Maharage yanayochelewa kuiva milimani yasimletee mpishi lawama zisizo zake.

Mwinuko peke yake, hata hivyo, haumalizi maelezo. Ziwa nalo lina neno lake.

Ziwa Nyasa lina urefu unaozidi kilometa 550 na kina kinachofikia takriban meta 700, kiasi kwamba kitako chake kiko zaidi ya meta 200 chini ya usawa wa bahari. Wingi huo wa maji hupata joto polepole na kulitoa polepole. Mchana, ardhi ya mwambao huwahi kupata moto kuliko maji; hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa ya ziwani huingia kuziba nafasi. Huo ndio upepo wa alasiri unaowapa nafuu wakazi wa Mbamba Bay na Lituhi. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa upesi, maji hubaki na joto, nayo hewa nzito ya baridi huteremka kutoka milimani kuelekea ziwani. Wavuvi wa dagaa wa ziwa hili, wale waitwao usipa, ambao huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, huusikia upepo huo mgongoni mitumbwi inapoondoka ufukweni.

Wakati wa masika, mikondo hiyo ya usiku inayotoka pande mbili za ziwa huweza kukutana juu ya maji, ikaisukuma hewa yenye unyevu kwenda juu na kuzaa ngurumo za alfajiri. Jambo hilo limechunguzwa zaidi katika Ziwa Victoria, ambako dhoruba za usiku zimeangamiza wavuvi wengi, lakini kanuni yake ni ile ile popote penye ziwa kubwa lililozungukwa na nchi ya joto.

Upepo wa kuogopwa zaidi katika Ziwa Nyasa ni mwingine. Kati ya Mei na Agosti huvuma mwera, ndugu wa kusi inayojulikana pwani, kutoka kusini-mashariki. Kwa kuwa ziwa limelala kusini hadi kaskazini kama mfereji mrefu, upepo huo hupata uwanja mpana wa kuyasukuma maji, na mawimbi yanayofika mwambao wa Ruvuma huwa yamekusanya nguvu njia nzima. Mvuvi asiyeyajua hayo kwa vitabu anayajua kwa mkono wa kasia.

Mwera na mvua ni pande mbili za mzunguko mmoja. Katika latitudo ya Mbinga, iliyo karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Oktoba na tena karibu na tarehe 20 Februari. Nchi inapopata moto wa jua hilo hewa hupanda kwa wingi, na pepo za kaskazini na za kusini huvutwa kukutana katika ukanda mmoja wa mawingu unaohama kulifuata jua. Ukanda huo ukiwa kusini, Ruvuma hupata mvua zake za msimu mmoja, ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huzitolea utabiri wa Novemba hadi Aprili. Ukirudi kaskazini kusi hutawala, anga hukauka, na baridi ya Juni na Julai huingia.

Hewa yenye unyevu inayosukumwa dhidi ya milima ya Umatengo haina njia ila kupanda. Inapopanda hupoa, na hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi kama hewa ya joto; mvuke unaozidi hugeuka matone, matone hugeuka wingu, na wingu hugeuka mvua inayoshuka kwenye miteremko mikali ambayo mgeni akiitazama hujiuliza inalimwaje.

Inalimwa kwa ngoro. Wamatengo, waliokusanyika milimani katika karne ya 19 wakati wa vita vya Wangoni, walilazimika kulisha watu wengi kwenye ardhi iliyosimama kama ukuta. Nyasi zinazofyekwa hupangwa kwa mistari inayokatana na kufanya miraba. Kisha udongo huchimbwa kutoka katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi hizo, na shamba zima hubaki limejaa mashimo yenye upana wa meta moja hivi au zaidi, yaliyozungushiwa matuta kama sega la nyuki. Kazi hiyo hufanyika karibu na mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, na maharage hupandwa juu ya matuta. Mahindi hufuata msimu unaokuja. Maji ya mvua hutuama mashimoni badala ya kukimbilia bondeni na udongo, nazo nyasi zilizozikwa huoza zikawa mbolea. Wataalamu wa kilimo wa ndani na wa nje wameisifu sana kazi hiyo, na kwa maoni ya mwandishi huyu sifa hizo zimechelewa. Tangu zamani mkulima wa Umatengo alijua kwamba mvua isiyozuiliwa mlimani ni hasara maradufu.

Turudi kwenye koti la msafiri na baridi ya alfajiri. Jua likizama, ardhi haipokei tena joto lakini inaendelea kulitoa. Hulitoa kwa miale isiyoonekana kwa jicho, ile ile anayoihisi mtu anayeukaribia ukuta wa tofali jioni baada ya siku ya jua kali. Kama anga ni kavu na halina mawingu, miale hiyo hupaa moja kwa moja na ardhi hupoa haraka. Hewa iliyogusana nayo hupoa pia, ikawa nzito, ikatiririka bondeni kama maji. Ndiyo maana usiku mtulivu wa Julai chini ya bonde huweza kuwa na baridi kali kuliko katikati ya mteremko, ingawa bonde liko chini zaidi.

Mwambaoni hali ni nyingine, na si kwa sababu ya kimo tu. Hewa ya ziwani imejaa mvuke wa maji, na mvuke huo hunasa miale ya joto inayotoka ardhini, kisha huirudisha sehemu yake chini. Ni kama blanketi, isipokuwa blanketi huzuia hewa isitembee na mvuke huzuia miale isipotee. Mkazi wa Mbamba Bay anayelala dirisha wazi usiku wa Januari amelala chini ya blanketi hilo.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yote ya mabadiliko ya tabianchi. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, yaani naitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21, haijishughulishi na miale hiyo ya joto. Kazi ya kuinasa hufanywa na gesi chache zilizomo kwa kiasi kidogo: mvuke wa maji, hewa ya ukaa, methani na nyingine. Bila hizo, wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya takriban nyuzi 15 juu yake, wala pasingekuwa na Mbinga ya kuandikiwa makala. Gesi hizo basi si adui kwa asili yake. Tatizo ni wingi unaoongezeka.

Mvuke na hewa ya ukaa hutofautiana kwa jambo moja kubwa. Mvuke uliopaa wiki hii hurudi kama mvua kwa muda wa siku kumi hivi. Hewa ya ukaa hainyeshi. Sehemu yake inayoingizwa angani leo itakuwa bado iko huko baada ya karne kadhaa. Kabla ya enzi ya viwanda kulikuwa na chembe zipatazo 280 za hewa ya ukaa katika kila chembe milioni moja za hewa. Vipimo vya kudumu vilipoanzishwa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa zimefika kama 315. Mwaka 2024 zilizidi 420. Kuhusu mwaka huo huo, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa joto la dunia lilikuwa nyuzi 1.55 juu ya kiwango cha nusu ya pili ya karne ya 19, na kwamba haukuwahi kurekodiwa mwaka wenye joto kuuzidi.

Mkulima wa kahawa atauliza nyuzi moja na nusu zina madhara gani, ikiwa kati ya saa sita mchana na alfajiri shambani kwake hupita nyuzi kumi na zaidi. Jibu limo katika usiku. Mbuni wa arabika hujitengenezea chakula mchana kwa mwanga wa jua, na usiku huendelea kupumua, ukiitumia sukari uliyoiweka. Usiku ukiwa na baridi hutumia kidogo, na tunda huiva taratibu likijaza punje yake. Usiku ukiwa na joto, akiba huliwa na tunda huharakishwa.

Watafiti waliopima jambo hilo katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania walichapisha matokeo yao mwaka 2015. Walikuta kwamba kilichoathiri mavuno zaidi ni joto la chini kabisa la usiku, kuliko hata lile la mchana, na kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka hapo iliendana na upungufu wa kilo 137 za kahawa kwa hekta kwa mwaka. Kaskazini si Mbinga. Udongo wake ni mwingine na misimu ya mvua ni miwili. Lakini mmea ni ule ule, na usiku nao hupoa kwa kanuni zile zile.

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye kituo chake Ugano wilayani Mbinga, imewapatia wakulima aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Hiyo ni kazi kubwa. Joto la usiku, hata hivyo, si ugonjwa wa kuchanjwa, na mdudu atoboaye buni naye huzaliana upesi zaidi penye joto. Njia iliyo wazi ni kivuli cha miti na kupandisha mashamba juu zaidi. Ikiwa nyuzi 6.5 huachwa katika meta 1,000, basi ongezeko la nyuzi moja na nusu linamdai mkulima apande zaidi ya meta 200 ili aipate baridi aliyokuwa nayo babu yake. Milima ya Umatengo ina vilele, na juu ya kilele hakuna shamba.

Chini ziwani joto hilo linafanya kazi nyingine. Maji ya Ziwa Nyasa yamepangika kwa matabaka: ya juu ni ya vuguvugu na mepesi, ya chini ni baridi na mazito, na kuanzia kina cha meta 200 na zaidi kidogo hayana oksijeni kabisa. Virutubisho vya vijimea ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula cha usipa vimelundikana huko chini. Kinachovipandisha ni mwera: huyapoza maji ya juu kwa kuyakausha kuwa mvuke, huyasukuma kaskazini, na kuyafanya ya chini yainuke kushika nafasi, hasa pembe ya kusini ya ziwa. Upepo unaomtia mvuvi hofu ndio unaomlishia samaki.

Matabaka hayo yanapozidi kutofautiana kwa joto, upepo ule ule huyachanganya kwa shida zaidi. Vipimo vilivyolinganishwa kati ya mwaka 1939 na 1999 vilionyesha kuwa hata maji ya kina kirefu yalikuwa yamepata joto kwa takriban nyuzi 0.7. Kwa chumba cha nyumba hiyo ni tofauti isiyohisiwa. Kwa maji ya kina kama hicho ni shehena kubwa mno ya joto.

Mvua nayo haina hakika iliyo rahisi. Hewa inayoongezeka joto kwa nyuzi moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia saba hivi, kwa hiyo mvua inaponyesha huwa na cha kumwaga. Inanyesha wapi ni suala jingine. Msimu wa 2023/24, wa El Niño, Bonde la Rufiji lilifurika, ilhali Malawi, ng'ambo ya ziwa hili hili, ilitangaza hali ya maafa kwa ukame Machi 2024. El Niño ina desturi ya kuizidishia mvua Afrika Mashariki na kuipunguzia Afrika ya kusini, na Ruvuma iko karibu na mpaka wa desturi hizo mbili. Ndiyo maana utabiri wa kaskazini usichukuliwe na mkulima wa Mbinga kana kwamba ni wake.

Limebaki jambo moja ambalo wanaozungumzia tabianchi mkoani Ruvuma hulipita haraka. Wilaya hii ya kahawa ni wilaya ya makaa ya mawe pia. Huko Ngaka, yamekuwa yakichimbwa tangu mwaka 2011 makaa yaliyotokana na misitu ya kinamasi iliyokufa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, ambayo ilikuwa imevuta ukaa kutoka angani na kuzikwa nao. Viwanda vya saruji vya nchini huyategemea, na mwaka 2022, bei ilipopanda duniani kwa sababu ya vita vya Ukraine, makaa ya Ruvuma yalipelekwa ng'ambo kupitia bandari ya Mtwara. Ajira zake ni za kweli, na mchango wa Tanzania katika hewa ya ukaa ya dunia ni mdogo mno ukilinganishwa na wa nchi za viwanda. Si haki kumhesabia mchimbaji wa Ngaka deni la Ulaya.

Kemia, hata hivyo, haiulizi mwenye deni. Kila tani ya ukaa inayoungua huchukua oksijeni angani na kuwa tani 3.67 za hewa ya ukaa. Pepo huichanganya hewa hiyo katika angahewa yote, nusu ya kaskazini na ya kusini, kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi kidogo. Makaa yaliyoteremshwa Mtwara na kuchomwa katika tanuri la nchi ya mbali huwa wakati huo yamekwisha kurejea, chembe kwa chembe, juu ya miteremko ya Litembo, yakiinasa miale ya joto inayopaa usiku kutoka katika mashimo ya ngoro.